Chuma Kinachovuta na Kukata Kona: Hafu Shafti ya Mbele Katika Milima ya Umatengo

Ndani ya Land Rover ya zamani, sakafuni karibu na goti la dereva, kuna fimbo tatu. Nyeusi ni ya gia za kawaida. Nyekundu ikivutwa nyuma, gari linaingia kwenye gia nzito za mlima. Ya njano ni fupi; ikibonyezwa chini, magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Madereva waliopanda na kushuka kati ya Mbinga na Ziwa Nyasa kabla ya lami walizijua fimbo hizo hata gizani. Walijua pia kwamba ile ya njano ina deni lake. Ikishabonyezwa, kipande cha chuma kilichojificha ndani ya ekseli ya mbele kinabebeshwa kazi mbili kwa pamoja: kuvuta gurudumu, na kukubali gurudumu hilohilo ligeuzwe kushoto na kulia. Mafundi wanakiita hafu shafti ya mbele. Kukatika kwake kwenye mteremko wa kijiji cha Kitura, mvua ikinyesha na magunia yakiwa juu ya bodi, kulikuwa sehemu ya maisha ya watu kwa miaka mingi kuliko inavyokumbukwa leo.

Umatengo, nchi ya Wamatengo mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania, ni nchi ya miinuko. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, vilele vya pembeni yake vinakaribia mita 2,000, na maji ya Ziwa Nyasa yametulia karibu mita 475. Kwa hiyo mtu anayetoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, safari ya kilomita 66, anateremka zaidi ya mita 800. Kitura, Litembo, Langiro, Maguu na vijiji vingine vya Mbinga vimekaa juu ya migongo ya milima, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde na mto. Njia ya kwenda kwa jirani ni kushuka kwanza, kuvuka, kisha kupanda tena. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na udongo mwekundu ukishalowa unateleza kama sabuni.

Wamatengo wenyewe waliimaliza hesabu ya mteremko zamani, shambani. Kilimo chao cha ngoro, mashimo yaliyopangwa kwa safu ubavuni mwa mlima huku majani yakifukiwa kwenye kuta zake, huyazuia maji yasikimbie. Yakikimbia, hubeba udongo. Yakisimama shimoni, huingia ardhini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani wamekichunguza kilimo hicho kwa miaka mingi, hasa Kindimba. Lakini barabara iliyochongwa kwenye mlima huohuo hufanya kinyume kabisa. Inayakusanya maji, inayapa njia moja, nayo yanachimba. Baada ya masika mawili, njia iliyokuwa sawa inakuwa na mfereji katikati, na gari linapita mguu mmoja juu, mmoja chini. Hapo ndipo ekseli inapoanza kuumia.

Kabla ya magari, mzigo ulitembea kichwani. Wamisionari wa Kibenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata waliingia Umatengo kwa miguu, na mizigo yao ikachukuliwa na wapagazi. Mojawapo ya mashine kubwa za mwanzo katika eneo hili haikuwa gari, ilikuwa meli. Wajerumani waliileta *Hermann von Wissmann* vipandevipande miaka ya 1890 na kuiunga ili itembee ziwani. Tarehe 13 Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo yenye jiwe maarufu la Pomonda, Waingereza walipofika na meli yao *Gwendolen* na kuipiga mizinga. Kapteni wa Kijerumani alikuwa hata hajasikia kwamba vita vimeanza. Vitabu vya historia hupenda kisa hicho kwa sababu ya urafiki wa makapteni wawili waliokuwa wakinywa pamoja kabla ya vita. Kwa mtu anayefuatilia historia ya ufundi, kuna jambo jingine ndani yake: kwenye mwambao huu, tangu mwanzo, mashine ilikuwa inatengenezwa palepale ilipo, mbali na kiwanda, kwa vifaa vilivyokuwapo.

Kahawa ndiyo iliyolazimisha barabara. Ilipandwa Umatengo miaka ya 1920, na chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku, baadaye kikabeba na zao la milimani. Kahawa ya maganda ilipaswa kutoka Mbinga hadi Moshi kukobolewa, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Malori yalitosha kwenye njia kuu. Lakini gunia halianzii njia kuu; linaanzia Kitura, nyuma ya mgongo wa mlima, mahali ambapo lori la kawaida likiingia Machi linabaki hadi Juni.

Mwaka 1947, huko Wales, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia jipu la Kimarekani lililobaki baada ya vita shambani kwake, na akaona Waingereza wanaweza kutengeneza la kwao. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Ilikusudiwa wakulima wa Uingereza, lakini makoloni yaliipokea haraka, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Maofisa wa wilaya waliipata, misheni zikaipata, ushirika ukaipata. Ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, ndiyo iliyogeuka basi la wananchi. Watu walikaa ndani, juu ya bodi na kwenye mlango wa nyuma, na magunia yakafuata. Gari la abiria kumi lilibeba ishirini na zaidi. Hadi miaka ya 2000, msafiri aliyefika Mbinga akitaka kwenda Mbamba Bay alitafuta Land Rover.

Sasa turudi kwenye chuma chenyewe.

Kuifanya ekseli ya nyuma ivute ni rahisi: shafti mbili zilizonyooka, moja kila upande, zikitoka kwenye difu, yale meno ya ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, hadi kwenye gurudumu. Ekseli ya mbele haiwezi kuwa hivyo, kwa sababu gurudumu lake linageuka. Shafti lazima iwe na kiungo karibu kabisa na gurudumu, kama kifundo cha mguu. Kiungo cha zamani zaidi ni cha msalaba, kilichopewa jina la Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16, kikaelezwa vizuri na Mwingereza Robert Hooke katika karne ya 17. Mafundi wetu wanakiita krosi. Kina udhaifu mmoja ambao dereva anausikia mikononi: kikikunjwa, mwendo wake hauwi sawa. Katika kila mzunguko mmoja gurudumu linakwenda mbio mara mbili na kupunguza mara mbili, na usukani unapigapiga. Miaka ya 1920 Wafaransa Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille walibuni kiungo kiitwacho Tracta, na huko Marekani Alfred Rzeppa akabuni kile cha gololi sita zinazotembea kwenye mifereji. Vyote viwili vilitibu ugonjwa huo. Land Rover za mwanzo zilikuwa na Tracta, kisha kampuni ikarudi kwenye krosi, kitu ambacho hutengenezwa kwa gharama ndogo na hufunguliwa na fundi yeyote. Kwa mwenye gari wa Mbinga, uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa. Krosi ikilika, fundi anaing'oa na kuipiga nyingine kwa nyundo. Kiungo cha gololi kikivunjika, hakuna cha kutengeneza.

Kwa nini shafti ikatike? Sababu ya kwanza ni kona. Gari likiwa limekata usukani hadi mwisho, linapanda, na dereva anakanyaga mafuta ili litoke kwenye mfereji, krosi inabeba nguvu zote za gia nzito ikiwa imekunjwa kabisa. Sababu ya pili haionekani, na imeua shafti nyingi. Land Rover hizo hazina difu ya katikati. Fimbo ya njano ikiwa chini, ekseli ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja, lakini kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo inaisha kwa kuteleza. Kwenye ardhi kavu na mawe haina pa kwenda. Inajisokota ndani ya shafti, meno na gia, hadi kitu kikubali kuachia. Barabara ya Umatengo ina tope bondeni na mawe mgongoni, ndani ya kilomita moja. Dereva aliyesahau kurudisha fimbo baada ya kuvuka mto alikuwa anaisokota shafti yake mwenyewe.

Madereva wazuri walikuwa na kanuni yao: kabla ya kona kali juu ya mawe, rudisha fimbo, rudi nyuma kidogo, sikia chuma kinalegea, ndipo uendelee.

Kuna jambo linaloifanya ekseli ya mbele iwe ya thamani kuliko mtu anavyodhani. Shafti ya nyuma ikikatika, gari la kawaida limekwisha. Injini inazungusha kipande kilichokatika na magurudumu yamesimama. Land Rover haikwishi. Dereva anazitoa shafti za nyuma, anaziba ili oili isimwagike, anaingiza magurudumu ya mbele, na anavutwa nyumbani na ekseli ya mbele peke yake. Shafti za nyuma za matoleo ya zamani, zenye meno kumi, zilijulikana dunia nzima kwa kukatika. Kwa hiyo ekseli ya mbele ilikuwa ndiyo akiba. Yenyewe nayo ikifa, mlimani hakuna akiba nyingine.

Kazi ya kuibadilisha ilifanyika popote gari lilipolala. Kwanza mawe makubwa chini ya magurudumu ya nyuma, kisha jeki juu ya kipande cha gogo, maana udongo laini unaimeza jeki. Gurudumu linatoka, drami ya breki inatoka. Bolti sita za flenji, ile sahani nene inayoshika meno ya shafti na kulizungusha gurudumu, zinafunguliwa. Nyuma yake kuna nati mbili pana za habu, kitovu cha gurudumu, zikiwa na washa katikati yake iliyokunjwa ili zisirudi. Spana yake ni ya bomba, na fundi asiyekuwa nayo alitumia tindo na nyundo, pigo dogodogo, akizungusha nati robo kwa robo. Alama za tindo kwenye nati za habu ndizo zinazoonyesha gari limepita mikono mingapi. Habu inatoka na beringi zake, zikiangaliwa kwenye mwanga kama zina rangi ya bluu, dalili ya kuungua.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Habu hukaa juu ya bomba fupi la chuma, ambalo mafundi huliita stabu, na shafti inapita ndani yake. Nati zake sita zikishafunguliwa, stabu ilipaswa kutoka kwa mkono. Haitoki. Miaka ya maji ya mito na vumbi imeishika kwa kutu, kana kwamba imechomelewa. Fundi mwenye haraka anaipiga nyundo moja kwa moja na kuharibu mdomo wake, na beringi haitakaa sawa tena. Fundi mzoefu anaweka kipande cha mti mgumu, anapiga upande huu, anazunguka, anapiga upande wa pili, anamimina mafuta ya taa, anaacha. Anakwenda kunywa chai kwa mwenyeji. Anarudi, anapiga tena. Mlio unabadilika kabla jicho halijaona chochote. Sauti kavu inakuwa na mwanya ndani yake. Ndipo stabu inasogea kwa unene wa ukucha, na shafti inafuata nayo.

Kama imekatika karibu na difu, kipande chenye meno kimebaki ndani ya bomba la ekseli, mbali na mkono wa mtu. Kitanzi cha waya mgumu ndicho kilichotumika kukivuta, fundi akivua bila kuona. Kikikataa, difu nzima inashushwa, kazi ya siku nyingine. Na shafti mbili za mbele hazilingani: difu imekaa upande wa kulia, kwa hiyo ya kushoto ni ndefu. Aliyetumwa Songea kununua akasahau kutaja upande alirudi na chuma kizuri kisichoingia.

Fundi alipofungua alitazama pia kile kinachosababisha. Mwisho wa ekseli kuna tufe kubwa la chuma lililopakwa kromu, na sili ya mpira inalifuta kila usukani unapogeuka. Kromu ikiliwa na kutu, inakuwa na vishimo, vishimo vinaikata sili, oili inavuja chini, na krosi inabaki kavu ikizunguka kwenye vumbi. Mafundi wengi waliacha oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari wakajaza grisi nzito, maana grisi haikimbii. Kitabu hakikuandikwa kwa barabara ya Kitura.

Kisha ukaja wakati ambapo chuma chenyewe hakikupatikana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Upande wa pili wa mpaka huo, Thika, ndiko kiwanda cha Leyland kilikounganisha Land Rover. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua magari na fedha, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikaisha. Vipuri viligawiwa kwa kibali, na kibali kilikuwa mbali na Mbinga. Hadi serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao mwaka 1984, gari moja lilikufa ili matatu yaishi. Shafti za mbele zilinyofolewa kwenye magari yaliyolazwa nyuma ya ofisi na misheni. Nyingine zilichomelewa, ingawa kila fundi alijua hazitadumu: chuma cha shafti kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu, na moto wa kuchomelea unaufuta ugumu wake, nacho hukatika tena palepale pembeni ya mshono. Wengine walifunga safari hadi Peramiho, ambako Wabenediktini walikuwa na karakana na shule ya ufundi. Vijana wengi wa Ruvuma walishika spana yao ya kwanza huko.

Miaka hiyo haijaandikiwa haki yake. Takwimu za kahawa ya Mbinga zipo, zimehifadhiwa na vyama na wizara. Kila gunia lililohesabiwa humo lilitoka kwanza kwenye kijiji kisicho na lami, juu ya gari lililotembea kwa kipuri cha gari lingine, na mtu aliyekifunga hakuandikwa popote.

Land Rover ya 1983, One Ten, ilileta springi za mviringo, difu ya katikati na kiungo cha gololi mbele. Yale mazoea ya fimbo ya njano yakawa ya wazee. Lakini mwaka 1984 Toyota nayo ilileta Land Cruiser ya mfululizo wa 70, na taratibu hiyo ndiyo iliyochukua milima: magari ya wagonjwa, ya miradi, ya polisi, yale yanayoitwa mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Shafti yake ya mbele ni nene zaidi na hukatika mara chache. Ubishi wake uko mahali pengine. Flenji ya Toyota hushikwa na vikoni vidogo vya chuma vilivyopasuliwa ubavuni, vinavyojibana kwenye tundu kadiri nati inavyokazwa. Nati ikitoka, koni hubaki. Hazivutwi kwa koleo wala kuchokolewa kwa bisibisi. Flenji inapigwa nyundo ya shaba ubavuni, kwa pigo la ghafla, na koni zinaruka zenyewe. Aliyejifunza kwenye stabu ya Land Rover alishajua somo hilo: chuma kilichoshikana hakivutwi, hutikiswa.

Barabara nayo imebadilika. Kilomita 78 za Peramiho hadi Mbinga ziliwekwa lami kwa fedha za mpango wa Changamoto za Milenia wa Marekani, uliotiwa saini mwaka 2008. Kilomita 66 za Mbinga hadi Mbamba Bay zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua rasmi Septemba 2024. Safari iliyokuwa ya siku nzima, au ya siku mbili kama shafti ilikatika, sasa basi dogo linaimaliza kabla chakula cha mchana hakijapoa. Mwezi uliofuata, Oktoba 2024, Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na magari mengi ya umri wa babu yalipita mbele ya kamera yakiwa yamepakwa rangi mpya.

Vijijini, mambo hayajafika huko. Barabara za ndani za wilaya za Mbinga na Nyasa, zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini iliyoanza kazi mwaka 2017, nyingi bado ni za udongo, na mteremko haujapungua hata mita moja. Kahawa inatoka mlimani, mgonjwa anatoka mlimani, mbolea inapanda mlimani.

Songea kuna Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, yanayotunza kumbukumbu za Vita vya Majimaji na za wahenga wa Ruvuma. Inafaa iwekwe humo pia hafu shafti moja ya mbele iliyokatika, pamoja na tindo, kitanzi cha waya na nati ya habu yenye makovu. Wapo mafundi wazee Mbinga, Mbamba Bay na Liuli ambao mikono yao inaikumbuka kazi hii hatua kwa hatua. Msomaji mwenye mmoja wao nyumbani au jirani akae naye, aandike: aina ya gari, mwaka, kona ya mlima, na jinsi kilivyotolewa kilichokataa kutoka.